Nambari Usiyoipima Usiiandike

Makongeni, Thika
Jumapili jioni

Mjukuu wangu mpendwa,

Goti la cucu yako linamsumbua bado, lakini mahindi ameshamaliza kuvuna. Gunia la viazi alilotuma mama yako lilifika. Hayo yatosha, kwa maana sikushika kalamu kwa ajili ya viazi.

Nimesikia neno. Shangazi yako anauza nyanya pale sokoni Githurai 45, na mambo ya Githurai humpitia yote. Ameambiwa na kijana uliyepanda naye paa kwamba kwenye lile jumba la ghorofa upande wa Kimbo, mlilolifungia sola mwezi uliopita, mita haikutoka mkobani. Fomu ya vipimo uliijazia kibandani ukinywa chai, ukinakili nambari za jumba jingine. Huenda kijana ametia chumvi. Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe kabla ya kumuuliza baba yako. Yeye nilimsihi akupeleke chuo cha ufundi ulipomaliza kidato cha nne, akaona heri anunue pikipiki. Hilo mimi na yeye hatujalimaliza.

Kama si kweli, nisamehe. Kama ni kweli, soma polepole.

Stima ya Kenya Power ukiishusha swichi kuu, nyumba imelala. Paneli hailali mradi kuna mwanga. Paneli moja ya wati 550 hutoa karibu volti 50 kabla ya kubebeshwa mzigo. Zifuatanishe kumi, una volti 500 juu ya vichwa vya watu, na hakuna swichi ya kuzima jua. Tena stima yake huenda upande mmoja tu. Ile ya gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kufa. Ya paneli haipati nafasi hiyo. Koneka iliyolegea, au breka ya kawaida iliyotiwa mahali pa breka ya DC, yaani ya stima ya upande mmoja, huwaka kama mashine ya kuchomelea vyuma, na chini yake mama amelaza mtoto.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata cucu yako halijui lote.

Miaka michache baada ya barabara kuu ya Thika kufunguliwa mwaka 2012, mimi na mwenzangu tulikuwa tukitunza pampu ya kisima kwenye shamba moja upande wa Gatuanyaga. Paneli 12 zilikaa juu ya banda la mabati. Kila asubuhi yenye umande inveta iliwasha taa nyekundu na kukataa kuanza, ikisema stima inavuja. Ikifika saa nne jua limekausha paa, taa inazimika, maji yanapanda, mwenye shamba anafurahi. Nikaandika kwenye daftari la ukaguzi: sawa. Kesho yake: sawa. Karibu mwezi mzima niliandika neno hilo, mimi niliyevuta nyaya nyumba nyingi za Section 9 na hakuna hata moja iliyowahi kushika moto.

Asubuhi moja baada ya mvua mwenzangu alisema apande aangalie. Tulizima swichi zote. Akapiga magoti kwenye mabati yaliyolowa, akashika koneka iliyopasuka. Kumbe waya mmoja ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati hadi shaba ikatokeza. Paa lote lilikuwa upande mmoja wa stima, na koneka ile mkononi mwake ilikuwa upande wa pili. Zaidi ya volti 400. Sauti yake sikuisikia. Nilisikia bati likilia, kisha nikamwona chini.

Aliishi. Nyonga ilivunjika, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Kila nilipokwenda kumjulia hali mkewe alinipa chai, na hakuniuliza hata siku moja habari za daftari. Lile daftari ninalo hadi leo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mega, kile kifaa cha kupimia kinga ya nyaya, ingetuambia kwa dakika kumi, kama tungepima asubuhi umande ungalipo, badala ya kungoja kukauke. Kiwango cha kimataifa, IEC 62446, kinataka kinga ya nyaya kwenye mfumo kama wako isipungue megaomu 1. Pima hiyo, pima volti za kila mstari wa paneli, hakikisha chanya na hasi hazijapishana, fuata waya wa ardhi hadi kwenye fremu ya mwisho. Inveta ikilalamika, usiizime na kuiwasha ili inyamaze.

Mengine ni machache. Leseni yako ya EPRA ni T1, ya mifumo midogo. Jumba kama lile ni la mwenye T3. Usichomoe koneka wakati mzigo unavuta. Usipande bila mkanda. Usiunganishe koneka za kampuni mbili hata kama zinaingiana. Tazama kwenye simu kila mstari unaleta kiasi gani. Ukiona mmoja umeachwa nyuma na wenzake, kapande uone kama ni vumbi, kinyesi cha ndege au kivuli, kwa sababu seli iliyofunikwa huweza kupata moto mpaka ikaungua.

Lakini nirudi Kimbo, kwa kuwa ndiko moyo wangu uliko. Mwambie mwenye jumba ukweli, hata akikukata pesa. Tafuta fundi wa T3 asimame nawe, mpande mapema paa likiwa bado na umande. Mega yangu iko kabatini. Njoo uichukue Jumamosi.

Ukimaliza niletee karatasi mbili za vipimo, ya zamani na mpya. Nitaziweka pamoja na daftari langu. Zikifanana kila nambari, nitajua hukupanda.

Ni mimi guka wako anayekupenda.