Maji ya Uji wa Kwanza (Sehemu ya 6)

Mama mwenye mtoto wa miezi sita, leo naongea na wewe. Unga umeshanunua sokoni Kwa Sadala, sufuria ipo. Je, maji umeyachagua?

Najua utasema, "Nesi, mimi nachemsha." Hongera, endelea. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Ila floraidi haifi kwa moto, maana siyo kijidudu, ni madini. Maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki, kwa hiyo ukichemsha mno ndo inazidi kukolea.

Huku kwetu kaskazini inatoka kwenye miamba ya volkano. Kisima kimoja kinaweza kuwa nayo nyingi, cha jirani kidogo, na kwa kuangalia tu hujui. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa nini nakukazania sasa? Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka 8. Floraidi ikizidi kipindi hicho, jino linaota na madoa, na mswaki hauyatoi.

Kwa hiyo uliza wasimamizi wa maji yenu majibu ya vipimo. Kinga mvua kwenye bati safi, uchemshe, umtengee mtoto. Mvua ina floraidi kidogo sana. Makande yake yasitiwe magadi, nayo huibeba. Kule Ngurdoto, Arumeru, wanaichuja kwa mkaa wa mifupa.

Maji ya kufulia yatoke popote. Ya mtoto, chagua.