Anayeuguza Naye Huumia



Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianza kazi mkoani Kagera mwaka 1985. Wakati huo UKIMWI ulikuwa mgeni kwetu. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Watu wengine waliuita ugonjwa huo Juliana.

Katika wodi yetu vitanda havikutosha. Wagonjwa wengine walilala kwenye mikeka. Wengi walikuwa vijana wa rika langu. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwapo. Tuliwaosha, tuliwalisha, tulitibu vidonda na kuhara. Hata hivyo walikufa, leo wawili, kesho watatu.

Baada ya miaka michache nilianza kubadilika. Usingizi ulipotea. Nikifumba macho nilisikia wagonjwa wakiniita. Chakula hakikupita. Alipofariki binti wa shangazi yangu, machozi hayakutoka. Majirani walisema nina roho ngumu. Haikuwa hivyo. Moyo wangu ulikuwa umechoka.

Muuguzi mkuu wa wodi alituona. Tulimwita Mama. Kila Jumamosi baada ya zamu alitukusanya chini ya mti. Tulitafuna kahawa, kama ilivyo desturi ya kwetu. Kila mmoja alieleza yaliyomkaa moyoni. Wengine walilia. Hakuna aliyechekwa. Mama pia alipanga zamu upya, ili kila mmoja apate siku ya kupumzika. Vifo havikupungua, lakini usingizi ulianza kunirudia.

Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini. Watu walioletwa kwa machela walirudi shambani kulima. Nasi wauguzi tulipata nguvu mpya.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulienea duniani. Wauguzi wa nchi nyingi walibeba mzigo kama wetu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeeleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na shida za kazini zilizodumu bila kushughulikiwa. Basi si uvivu, wala si roho mbaya.

Ndugu muuguzi, usingizi ukipotea, sema mapema. Ndugu kiongozi wa hospitali, wape watumishi wako nafasi ya kupumzika na kuzungumza. Nanyi wananchi, mkimwona muuguzi amenyamaza, mwulizeni hali yake. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.