Miaka 28, Siku 14

Nje ya mahakama za Garissa kuna vibanda vya mabati, kila kimoja na kompyuta yake, printa yake na benchi la wanaosubiri. Humu ndimo zinamochapwa hati za kiapo. Saa tatu asubuhi watu walikuwa wameshabanana kwenye kivuli cha mwarobaini. Niliketi karibu na kijana aliyeshika bahasha ya plastiki yenye karatasi tatu: kadi ya kliniki, barua ya chifu na nakala ya kitambulisho cha baba yake, nakala ya nakala, hata uso wa mzee umebaki doa jeusi.

Alama zake za vidole zilichukuliwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab akiwa mtoto. Mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na mama yake, Mkenya mwenye kitambulisho, akajipanga kwenye foleni ya wakimbizi kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na unga na mafuta. Sasa kijana ana ndevu, na kila akiomba kitambulisho mashine inamsoma kuwa mkimbizi kutoka Somalia. Maelfu ya vijana wa kaunti hii wamenaswa hivyo hivyo. Bila kitambulisho huajiriwi, husajili laini ya simu, hupigi kura, na ukisafiri kwenda Nairobi utateremshwa garini kabla hujauvuka mto Tana vizuri.

Wakili aliyemhudumia ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, faili kwapani. Aliisoma hati mstari kwa mstari, akasahihisha jina la bulla, yaani mtaa, lililokosewa herufi moja, kisha akamweleza kijana kwa Kisomali kila alichokuwa anakiapia kabla hajatia sahihi. Akagonga muhuri.

"Abaayo, hii itatosha?" kijana aliuliza, akimwita dada.

"Itatosha kuanzia, walaal," alimjibu, yaani ndugu. "Ukiambiwa rudi kesho, uliza jina la anayekwambia, uliandike."

Kazi ya wakili wa mji kama huu ndiyo hiyo. Viapo, dhamana, mirathi kwa Kadhi, viwanja ambavyo watu wawili wana barua za kumilikishwa zinazofanana. Si kazi ya kumfikisha mtu gazetini. Hata hivyo kutoka katika taaluma hii kaskazini mashariki imepeleka watu Nairobi kutunga sheria, na katika Bunge la Kumi wawili kati yao walikaa mahali palipohesabika. Farah Maalim, mbunge wa Lagdera, ambayo siku hizo ilikuwa na baadhi ya kambi za Dadaab ndani yake, alichaguliwa Naibu Spika mwaka 2008. Mwaka 2022 alirudi Bungeni kwa kiti cha Dadaab. Wa pili ni Abdikadir Hussein Mohamed wa Mandera, na ni kwa ajili yake nilikuja huku. Yeye si wa Garissa, lakini Garissa ndiyo iliyokuwa makao ya mkoa mzima, na nilitaka kuiona kazi yake ilivyofika chini, kwenye benchi la mabati, miaka mingi baada ya hotuba kwisha.

Ili umwelewe, anza na sheria alimozaliwa. Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lilimokuwa eneo hili, wakataka kibali kwa anayeingia na anayetoka. Sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu ikawapa maofisa watawala wa kikoloni madaraka ya kukamata na kuwaadhibu watu kikabila. Mwaka 1962 tume ilizunguka kuuliza watu wanataka nini, ikakuta Wasomali wengi wanataka kujiunga na Somalia, London haikukubali. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha eneo hili likawekwa chini ya hali ya hatari. Vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga, vilimalizwa kwa makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Hali ya hatari haikumalizwa. Iliendelea hadi mwaka 1991, karibu miaka 28, mtoto akazaliwa, akaoa na akazaa ndani yake.

Na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huku kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Maana yake ni kwamba mjane wa Garissa hakuwa na mlango wa kubisha. Hata angempata wakili, wakili huyo asingekuwa na kesi ya kufungua.

Alasiri mzee mmoja alinisindikiza hadi upande wa Bulla Kartasi. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliichoma bulla hiyo, wakawakusanya wakazi kwenye uwanja wa shule ya msingi na kuwaweka pale bila chakula wala maji. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeyaandika hayo, pamoja na mauaji ya Wagalla, kule Wajir, Februari 1984. Leo kuna nyumba za mawe, maduka ya simu, punda wanaovuta mikokoteni ya maji, na watoto waliovaa sare. Nilimwomba mzee anionyeshe mahali nyumba yao iliposimama. "Hapa," alisema, akikanyaga ukingo wa barabara, "na jiko lilikuwa pale kwenye hiyo nguzo ya stima." Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Abdikadir alikulia chini ya sheria hizo. Alisomea uanasheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongeza shahada Harvard, na katika uchaguzi wa Desemba 2007 akashinda kiti cha Mandera ya Kati kwa tiketi ya Safina, chama kidogo cha wakili mwenzake Paul Muite. Nchi ilikuwa inawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Baada ya mapatano ya 2008 kati ya Rais Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, Bunge likaunda Kamati Teule ya kusimamia marekebisho ya katiba, na uenyekiti ukamwangukia yeye. Naamini haikuwa bahati tu. Alitoka mbali, katika chama ambacho hakikumtisha yeyote, na hakuwa mtu wa Kibaki wala wa Raila kiasi cha upande mmoja kumkataa.

Rasimu ya katiba ya Kamati ya Wataalamu, iliyoongozwa na Nzamba Kitonga, ilitoka Novemba 2009. Januari 2010 wabunge wa kamati wakajifungia Naivasha kuipitia. Humo ndimo walimoamua nchi iwe na rais mwenye mamlaka kamili badala ya kuyagawa na waziri mkuu, na wakaufuta ugatuzi wa ngazi ya mikoa wakabakiza kaunti. Wapo wazee wa huku waliosikitika, maana ndoto ya utawala wa majimbo ilikuwa ya tangu 1963. Lakini rasimu ilitoka Naivasha ikiwa hai, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Tarehe 1 Aprili 2010 mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 150 yaliletwa Bungeni na yote yakashindwa. Rasimu ikapita kama ilivyo. Wananchi wakaipigia kura tarehe 4 Agosti, na kaskazini mashariki ikasema ndiyo karibu kwa sauti moja, licha ya makanisa kuipinga vikali kwa sababu ya mahakama za Kadhi.

Ukurasa wa katiba hiyo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Kifungu cha 58, na niliusoma tena nikiwa nimeketi si mbali na ule uwanja wa shule. Hali ya hatari sasa inadumu siku 14 tu. Kuirefusha kunahitaji mjadala wa wazi na thuluthi mbili ya wabunge wote, tena kwa miezi miwili tu kwa wakati mmoja. Kuirefusha mara nyingine kunahitaji robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kuihoji. Halafu kipengele cha mwisho: tangazo la hali ya hatari haliwezi kutumiwa kumkinga yeyote, wala serikali yenyewe, kwa kitendo kilicho kinyume cha sheria. Hilo ndilo jibu la ile sheria ya kinga ya mwaka 1970, neno kwa neno. Kifungu hakikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Kilidaiwa na wengi kwa miaka mingi. Ila ninapofikiri kwamba kamati iliyokivusha iliongozwa na mwana wa Mandera, najisikia kwamba haki, walau mara moja, ilipitia njia iliyostahili.

Katiba haikuchukua muda kujaribiwa. Ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Siku nne baadaye serikali ikafuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, zikiwemo Lagdera na Mandera ya Kati, majimbo ya mawakili wetu wawili. Na mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Wasomali walikusanywa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Abdikadir wakati huo alikuwa mshauri wa Rais Uhuru Kenyatta wa masuala ya katiba na sheria, kazi aliyoingia mwaka 2013. Mshauri si mtunga sera, lakini watu wa kaskazini wana haki ya kuuliza, na wanauliza. Kilichonipa moyo ni mahakama: Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele kadhaa vya sheria mpya ya usalama, kimojawapo kile kilichotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000, hali Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya hao maradufu.

Jioni nilimkuta tena yule wakili kwenye mkahawa, chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya nyirinyiri mbele yake. Nilimtajia tangazo la Rais William Ruto, alilolitoa Wajir Februari 2025, la kukomesha kuwapiga vijana wa kaskazini msasa wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho. Alilifurahia. Zamani, alisema, mtoto wa hapa alisimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa aulizwe babu wa babu yake. "Lakini wale wa Dadaab shida yao ni mashine. Tangazo haliingii kwenye mashine."

Kinachomuuma zaidi ni maslaha, upatanishi wa wazee. Kwa damu iliyomwagika kati ya koo mbili, anasema, usiyadharau: wazee hukaa chini ya mti, ngamia 100 hulipwa kwa mwanamume aliyeuawa, na vita vinazimika ambavyo polisi wasingevizima. Lakini wazee hao hao huketi kwa kesi ya msichana aliyebakwa, wakapokea fidia, na siku ya kesi shahidi hayupo. Kifungu cha 159 cha katiba kinaruhusu njia za jadi mradi zisivunje haki za mtu. "Sheria ipo. Mimi nimesimama mahakamani nayo mkononi, hakimu ananisikiliza, msichana wangu ameshapelekwa kwa mjomba wake Wajir."

Anataka kugombea ubunge. Hakuninong'oneza, alisema wazi, meza ya pili ikageuka. Anamtaja Sophia Abdi Noor, aliyeshinda Ijara mwaka 2017 na kuwa mwanamke wa kwanza wa kaskazini mashariki kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Anamtaja pia Fatuma Dullo, wakili mwenzake, aliyechaguliwa seneta wa Isiolo mwaka huo huo. Ila hapa tiketi haitolewi na chama kwanza. Hutolewa na wazee wa ukoo, wanaokaa na kugawana viti kabla karatasi ya kura haijachapishwa, na wao wamemwambia asubiri zamu.

Ameomba awahutubie, na ameomba mama zao na dada zao wawepo siku hiyo, kwa kuwa ndio wanaoamka alfajiri kupanga foleni ya kupiga kura. Wazee walibishana juu ya ombi la pili kuliko la kwanza, kisha wakakubali yote mawili. Kikao kimepangwa baada ya mvua za vuli, ziitwazo deyr, familia zilizohamia malishoni zikisharudi karibu na mji.