Kila Mfuo na Sindano Yake

Neno letu santuri limebebeshwa mzigo mkubwa. Twaiita santuri ile sahani nzito nyeusi ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo ikikuponyoka mkononi huvunjika kama kigae. Twaiita santuri pia ile ndogo ya mizunguko 45, iliyotuletea muziki wa dansi majumbani katika miaka ya 1960 na 1970, wimbo umekatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Na ile pana ya mizunguko 33 na theluthi, nayo ni santuri. Kwa kuwa jina ni moja, watu hudhani kwamba na sindano ni moja. Dhana hiyo imetutia hasara. Masanduku mangapi ya santuri za wazee wetu yamekwisha tupwa jalalani, eti zimekufa, kumbe hazikupata msomaji anayezijua hati zake!

Mimi nina mashine moja ya santuri yenye mikono miwili. Wageni huitazama wakacheka, na mmoja aliwahi kuniuliza kama napiga nyimbo mbili kwa mpigo. La, mikono haifanyi kazi pamoja. Mmoja hufanya kazi, mwingine hupumzika kwenye kishikizo chake. Sababu yenyewe imo ndani ya mfuo, na kwa kuwa mfuo ni mdogo mno kwa jicho, haina budi nieleze kwa vipimo.

Santuri za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa lakiri, ambayo ni utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe. Ndizo alizorekodiwa Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV. Mfuo wa santuri ya namna hiyo ni mpana; sindano inayoufaa ina ncha ya mviringo ambayo nusu kipenyo chake ni kama milimita 0.075. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa LP, mfuo ulifanywa mwembamba sana ili nyimbo nyingi zienee upande mmoja, na sindano ikapunguzwa hadi milimita 0.025. Zilipoingia sokoni santuri za stereo mwaka 1958, ncha ikapungua tena, ikawa milimita 0.018 au pungufu ya hapo.

Sasa chukua sindano ya stereo uiweke juu ya santuri ya lakiri. Haitaegemea kuta za mfuo, ambako sauti imechongwa. Itazama mpaka sakafuni, ambako hakuna kitu ila vumbi la miaka sabini na mikwaruzo ya sindano za chuma. Hapo itayumba huku na huku kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Utakachosikia ni mvumo wa mafuta ya vitumbua, na mwimbaji yuko nyuma ya mvumo, kama yuko chumba cha pili. Ukigeuza mambo, ukaweka sindano nene juu ya LP, balaa ni kubwa zaidi, maana haiingii mfuoni hata kidogo. Hupita juu ya kingo ikizichimba.

Liko jambo la pili. Katika santuri za zamani, zile zisizo za stereo, sauti imeandikwa kwa kwenda kushoto na kulia tu. Stereo iliongeza mwendo wa juu na chini. Kichwa cha stereo, basi, husikiliza pande zote, na kikiwekwa juu ya santuri ya kale huchukua kila shimo na kila chembe ya uchafu kuwa ni muziki. Kichwa cha mono halisi ni kiziwi kwa mwendo wa juu na chini, na uziwi huo ndio fadhila yake. Mwenye swichi ya mono kwenye amplifaya yake atapata sehemu ya faida hiyo bila kununua chochote, nami nashangaa ni wachache kiasi gani huigusa. Lakini lazima nitoe onyo: baadhi ya vichwa vya mono vya zamani ni vigumu, sindano yake haipandi wala haishuki. Ukikiweka kichwa cha namna hiyo juu ya santuri ya stereo, unaipiga jembe.

Mtu ataniuliza, kwa nini usibadili kichwa tu ukauacha mkono uleule? Inawezekana, na mikono mingi imetengenezwa kwa nia hiyo. Kichwa huchomolewa na kingine kikachomekwa kwa kiungo chenye pini nne. Wengi hufanya hivyo na hawana tatizo. Taabu ni kwamba kila ubadilishapo kichwa huna budi kupima tena uzito, kimo na pembe, na uzito huo si wa kukisia. Kichwa changu cha stereo kinataka chini ya gramu 2. Cha santuri za lakiri kinataka gramu 4 au 5. (Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikandamiza kwa zaidi ya gramu 100, ndiyo maana sindano yake ya chuma ilitakiwa kutupwa kila baada ya upande mmoja. Wachache walizitupa. Makovu ya ubahili huo nayasikia hadi leo.)

Tena mkono wenyewe una uzito wake. Mkono na kichwa ni kama mzigo unaoning'inia kwenye springi: una mtikiso wake wa asili, na unafaa uwe baina ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ukiwa chini ya hapo, hatua za mtu apitaye sebuleni na kupinda kwa santuri vitautikisa mkono. Ukiwa juu zaidi, utaingilia sauti nene za muziki. Kichwa chenye springi laini kinataka mkono mwepesi, na kichwa kigumu kinataka mkono mzito. Hakuna mkono mmoja utakaowatosheleza wote wawili. Ndipo nikamwendea fundi seremala, akanichongea kigogo cha mninga, kizito, kinachosimama chenyewe kando ya mashine, na juu yake nikaufunga mkono wa pili, mrefu na mnene. Kigogo hicho ndicho kilichozua maneno nyumbani, kwa kuwa kimekaa mahali palipokuwa na chungu cha maua.

Yote haya yangeweza kubaki mchezo wa mzee aliyestaafu, kama si sanduku la mpwa wangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuja na sanduku la bati lenye santuri kumi na tano za lakiri za upande wa baba yake. Babu yake alikuwa mpiga fidla wa taarab, na katika mojawapo ya santuri hizo fidla ni yake. Kijana alikwisha kuzinakili zote kwenye kompyuta kwa mashine ndogo ya mkoba. "Shikamoo mjomba," aliniambia, "kazi nimemaliza. Nataka uniambie kama kuna mtu anazitaka hizi sahani, la sivyo nizitupe, maana nyumba ni ndogo." Nilimwomba anisikilizishe nakala. Yalikuwa mafuta ya vitumbua matupu. Nilimwambia, "Mwanangu, hapa hujanakili santuri, umenakili sakafu yake."

Tuliiosha santuri ya babu kwa maji na sabuni kidogo, tukikinga karatasi ya katikati isilowe. Kamwe usitumie spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha lakiri. Kisha tukaijaribu kwa sindano tatu, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono ule mzito. Hii ndiyo siri ambayo watunzaji wa maktaba za sauti huitumia: sindano za chuma huwa zimekula ukuta wa mfuo kwa kimo kimoja. Sindano iliyo nene kidogo hukaa juu ya donda hilo, na iliyo nyembamba kidogo hukaa chini yake, mahali ambapo ukuta haujaguswa tangu santuri ilipotoka kiwandani. Watunzaji hao huwa na almasi zilizokatwa ncha, ili zisifike sakafuni kabisa. Mimi ninayo moja ya namna hiyo, na bei yake sijamwambia mtu.

Sindano ya kwanza ilitupa kelele pungufu. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ile iliyokatwa ncha ilipotua, fidla ilitoka mbele, na vidole vikasikika vikiteleza kwenye uzi. Mpwa wangu hakusema neno. Aliinua mkono akairudisha mwanzo. Ni kweli kwamba kuna mahali, karibu na mwisho wa upande wa kwanza, ambapo mfuo umelika kabisa, na hakuna sindano itakayorudisha kilichokwisha kuchubuliwa.

Lakini katika kiitikio ilisikika sauti ya mwanamke ambayo katika nakala ya kwanza haikuwapo. Tulimwita dada. Yeye aliishi na mavyaa wake miaka kumi na mmoja, akipika naye na kugombana naye. Alisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza alisema ndiye. Mara ya pili alisema sauti hii ni ya msichana, na yeye alimkuta mama mtu mzima. Mara ya tatu hakusema ndiye wala siye, aliuliza tu kama twaweza kuipunguza mwendo kidogo, kwa kuwa anaona waimbaji wana haraka. Swali lake lilikuwa la maana, kwa sababu si kila santuri iliyoitwa ya 78 ilirekodiwa kwa 78 kamili, na mwendo ukizidi kidogo sauti ya mtu mzima hupanda ikawa ya kijana. Tukapunguza. Dada na mwanawe wangali wanabishana.

Sanduku liko kwangu sasa. Mpwa wangu huja Jumamosi moja moja, nasi hufanya santuri mbili, kila moja kwa sindano zote tatu, naye huandika kwenye bahasha mpya sindano iliyoshinda na mwendo uliotumika, ili atakayekuja baadaye asianze upya. Tumekwisha kufanya tisa. Mbili kati ya hizo, sindano nyembamba ndiyo iliyofaa, jambo ambalo sikulitarajia. Iko moja iliyopasuka kutoka ukingoni hadi kwenye karatasi. Hiyo tumeiacha ya mwisho, mpaka nipate kichwa ambacho sitajali kikivunjika.