Hivi Jicho Wanalitoa?

Neno upasuaji limetoka kwenye kupasua. Kuni zinapasuliwa, mbao zinapasuliwa, chungu kikianguka kinapasuka. Mwambie mtu wa Kabanga kwamba tumbo lake litapasuliwa, atanyamaza kidogo, atauliza gharama, ataenda kuuza mbuzi. Mwambie ni jicho litakalopasuliwa, hapo umeshampoteza. Jicho lililopasuka analijua. Ameliona kwa mtoto aliyechomwa na kijiti machungani, au kwa fundi aliyerukiwa na kipande cha chuma, na hajawahi kuona likirudi kuwa jicho.

Naandika habari za afya, kwa hiyo neno hili napishana nalo kila wiki. Lakini sijawahi kuliona likimtisha mtu kama lilivyomtisha baba yangu mdogo mwaka 2023.

Baba mdogo ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko kando ya barabara ya kwenda mpakani, upande ule malori yanakopanga foleni ili yavuke kwenda Kobero, Burundi. Alianza kushona mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Benako na Ngara nzima ikageuka soko. Tangu hapo hajawahi kufanya kazi nyingine.

Miaka miwili mitatu hivi kabla ya safari yetu, watu walianza kumlalamikia. Si kwa nguo, nguo zilikuwa safi. Walisema amepata maringo. Ukimjia kutoka ubavuni ukampa mkono, anakuacha umeunyoosha hewani. Anapishana na mama mkwe wa jirani sokoni, hata kugeuka hageuki. Kwetu Bugufi mtu kukupita bila salamu si jambo dogo, linaweza kuitiwa kikao. Wengine wakasema ni pesa za nikeli zimemlewesha, kwa kuwa alikuwa ameshona sare kadhaa za vibarua. (Pesa zenyewe ningependa mtu anionyeshe.) Na ushahidi kwamba macho ni mazima ulikuwa wazi mbele ya kila mteja: miwani yake ya kusomea puani, uzi unaingia kwenye tundu la sindano mara moja tu.

Huo ndio ujanja wa ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia chujio dogo sana lililo pembeni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Chujio likianza kuziba, maji yanabana, na mbano huo unaua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni huanza kuliwa kutokea pembeni. Katikati pale, panapotunga uzi na kusoma Biblia, hubaki hadi mwisho mwisho. Hauumi. Na kinachopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Wataalamu wanauita glakoma. Kliniki zetu zinauita presha ya macho.

Kambi ya macho ilipofika Ngara mjini, baba mdogo alienda kubadilisha miwani. Wakampima. Jicho la kulia 34, la kushoto 29, wakati kawaida ni kati ya 10 na 21. Alirudi nyumbani na chupa ya matone, barua ya rufaa, na maneno matatu: presha, upasuaji, mionzi.

Presha aliielewa, alidhani. Akaacha chumvi. Wiki tatu mzee wa watu anakula maharage yasiyo na ladha, mkewe ananipigia simu kulalamika, wakati presha ya jicho ni jambo jingine na ile inayopimwa mkononi ni jambo jingine. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Mionzi nayo, kwetu, ni Ocean Road. Mtu akienda kupigwa mionzi, majirani wanaanza kuongea kwa sauti ya chini. Kwa hiyo alivyosikia yeye, ana shinikizo la damu lililopanda machoni, atapasuliwa jicho, na ana kansa ambayo daktari amemficha. Halafu tunashangaa watu hawarudi kliniki.

Alikaa na barua ile miezi minne. Matone yalikuwa ya timolol, asubuhi na jioni, maisha yote. Chupa inaisha kabla ya mwezi kwa sababu nusu ya matone yanaishia shavuni. Ikiisha Kabanga hakuna, anapanda gari hadi Ngara mjini. Siku nyingine na huko hakuna. Macho hayaumi, hayatoi machozi, hayamkumbushi. Nani atajinyima nauli kwa ajili ya kitu kisichouma?

Nilipokwenda likizo nikamkuta ameandika maswali nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, chini ya kiuno na urefu wa mkono wa mtu fulani. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unaongea na madaktari. Wakinijibu haya, nitaenda." Yalikuwa matano.

Je, inaunguza?

Nikipepesa itakuwaje?

Hivi jicho wanalitoa?

Nitalala huko siku ngapi?

Nitaona kama zamani?

Swali la tatu watu wa mjini hulicheka. Mimi silicheki, kwa sababu lina mzazi anayejulikana. Mtu mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na kweli kuna kitu kinatolewa: lenzi ya asili iliyoingia ukungu, halafu inawekwa ya plastiki. Anarudi kijijini jicho limefungwa bandeji, ndugu wanatangaza kwamba "wamemtoa mtoto wa jicho." Kesho yake bandeji inafunguliwa na mzee anaona. Sasa hapo unahitaji mtu mmoja tu wa kusimulia vibaya, jicho zima likawa limetolewa, likaoshwa kwenye bakuli, likarudishwa. Hadithi hii nimeisikia Ngara na Biharamulo, na bakuli kila mahali lina rangi tofauti.

Tukasafiri. Nyakahura, Lusahunga, Runzewe, Geita, hadi kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Kwenye kivuko alinishika mkono muda wote. Nilidhani anaogopa maji, kumbe hakuwa anaiona kingo ya upande wa kushoto.

Hospitali ya Mwanza ilikuwa na daktari wa kike, kijana. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Halafu akafanya kitu ambacho sijakiona mara nyingi katika kazi yangu: alichukua daftari la fundi cherehani na kulisoma lote kabla ya kufungua mdomo.

Akaanza na neno. Alisema, "Baba, sikupasui. Sitashika kisu. Nakumulika." Kumulika! Kitenzi cha kurunzi na cha mbaramwezi, kila mtu amewahi kumulikwa na hakuna aliyekufa. Alimweleza kwamba leza ni mwanga tu, wa kijani, uliokusanywa mahali pamoja, na kwamba si ile mionzi ya kansa. Mwanga huo unapigwa kwenye lile chujio kwa vishindo vifupi kuliko kupepesa kope, mfupi kiasi kwamba hauachi muda wa kuunguza nyama ya jirani. Chembe zinaamka, zinajisafisha, maji yanapata njia. Kuhusu kupepesa: utawekewa matone ya ganzi, kisha lenzi ndogo yenye jeli itashikiliwa juu ya jicho, kope hazitaweza kufunga hata zikitaka. Jicho linabaki kwenye tundu lake. Utakaa kwenye kiti, kidevu juu ya kibao, dakika chache kila jicho, na kulala utalala kwa ndugu zako Igoma.

Akaongeza na yale ambayo hayakuulizwa. Jicho linaweza kuwa jekundu na kuchukia mwanga siku moja mbili. Presha yenyewe inaweza kupanda kidogo saa ile ile, ndiyo maana utasubiri hapa upimwe tena. Matokeo hayaji leo, yanachukua wiki kadhaa. Hayadumu milele, baada ya miaka huenda tukarudia. Kuna wachache ambao haiwasaidii kabisa.

Likabaki la tano.

"La tano hapana," alisema. "Utaona kama unavyoona leo. Kazi yangu ni hiki ulichobaki nacho kisiondoke."

Kimya. Nilitamani alainishe kidogo, aseme Mungu ni mwema. Hakulainisha. Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Basi tufanye," alisema. Nje baadaye aliniambia kwamba kama yule binti angemwahidi macho ya ujana, angeondoka, kwa sababu mtu anayekuahidi vitu vyote ni mwuzaji, na yeye wauzaji anaishi nao mpakani.

Hii si tiba ya majaribio ya kumfariji mtu wa kijijini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, KCMC Moshi, kwa wagonjwa 201 wa glakoma yenye presha ya juu. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa matone ya timolol, wengine leza hii. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Wanaotumia matone walifundishwa na kufuatiliwa, tena bila kupanda gari kutoka Kabanga. Uingereza nako, tangu 2022 mwongozo wao wa tiba unaitaja leza hii kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi wapya. Ukweli mwingine ni kwamba kati ya kila macho kumi ya Moshi, karibu manne hayakufanikiwa, na daktari asiyelitaja hilo namtilia shaka.

Rafiki zangu wa Dar, wengi wao wasomaji wa kurasa hizi na wana miwani minene, nikisema leza wanaruka kwenye ile nyingine, ya kuachana na miwani. Ni mashine tofauti. Ile hutumia mwanga usioonekana kabisa na huchonga konea, kioo cha mbele cha jicho, ambacho unene wake ni karibu nusu milimita. Hapo kuna kukatwa kweli, kiganda chembamba kinafunuliwa na kurudishwa. Ina mambo yake: ukavu wa macho kwa miezi, miduara kuzunguka taa za magari usiku, na ukifika miaka arobaini na kitu miwani ya kusomea inakufuata vile vile. Aliyekuwa akisugua macho kwa mzio tangu utotoni apimwe umbo la konea kwanza, maana ikiwa imechongoka hastahili kuchongwa zaidi. Ila ninachotaka kusema ni kwamba rafiki hao, wenye shahada mbili mbili, wananiuliza: inaunguza? nikipepesa je? nitaona vizuri kabisa? Ondoa bakuli la kuoshea jicho, daftari ni lile lile.

James Joyce alifanyiwa upasuaji wake wa kwanza wa jicho mjini Zurich mwaka 1917, kwa ugonjwa huu huu wa presha ya macho, na akaendelea kukatwa mara nyingi baada ya hapo. Nilimsimulia baba mdogo kwenye basi la kurudi. Akauliza kama huyo bwana alikuwa na cherehani. Nikamwambia alikuwa mwandishi. "Afadhali," akasema, "ninyi mnaweza kumtuma mtu aandike."

Kipimo cha wiki ya sita kilikuwa 19 na 18. Amerudi kwenye chumvi. Upande wa kushoto bado haoni, na hataona. Wateja wamezoea kumzunguka wamjie kwa mbele, na mama mkwe wa jirani ameelezwa akaelewa. Matone anatumia ya jicho moja tu, mara moja kwa siku.

Siku ile ile daktari aliuliza kuhusu ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Wako watano. Baba yangu mzazi alipimwa, yuko salama kwa sasa, arudi kila mwaka. Mimi pia nilipimwa: 16 na 17. Shangazi yetu aliyeolewa Biharamulo amekutwa na 28. Amenipigia juzi, akaanza mbali, akauliza hali ya migomba, hali ya watoto, halafu akashusha sauti kama vile kuna mtu anasikiliza mlangoni: "Hebu niambie kweli. Baba yako mdogo, hivi lile jicho walilitoa?"