Namba mpya ya mama mdogo

Vita ilipokaribia Sake, mwezi wa pili 2024, mama mdogo wangu alikimbilia Goma. Kule Masisi alikuwa akiuza fromaji. Simu yake ilipotea njiani, na namba za wateja wote zikaenda nayo.

Alipopata tena fromaji ya kuuza, nilimnunulia simu na namba mpya. Nikamwambia aweke picha kwenye status ya WhatsApp. Akaweka juma nzima. Hakuna aliyeuliza bei. Akaniambia: «Mwanangu, radio yako hii haina wasikilizaji.»

Kosa lilikuwa langu. Status anaiona yule tu aliyeandika namba yako katika simu yake, nawe ukaandika yake. Na baada ya saa 24 inafutika.

Tukaanza upya. Kila anayenunua, mama anamwomba: «Uniandike kwenye simu yako, nami nikuandike.» Asubuhi anaweka picha ya fromaji aliyo nayo siku hiyo, bei yake, na mahali anapoketi sokoni. Sasa wengine wanaagiza kabla hajatoka nyumbani.

Ndugu wahami, ninyi mulioacha kila kitu, muanzie hapo: watu kumi waliokuandika wanapita picha mia.