Hita ya Maji Ilipotufundisha Kusikiliza



Hapa Njombe, ifikapo Juni na Julai, hakuna mtoto anayeoga maji baridi kwa hiari yake. Kwa miaka mingi tulichemsha maji kwa kuni na mkaa, hivyo tulipofungiwa hita ya umeme ya lita 50 bafuni tulimshukuru Mungu, tukadhani taabu imekwisha. Hatukujua kwamba hita, kama mgonjwa wodini, huonyesha dalili kabla ya kuzidiwa. Na sisi ambao kazi yetu ni kuzitambua dalili za wagonjwa, zile za nyumbani kwetu zilitupita.

Dalili ya kwanza ilikuwa yuniti za LUKU. Zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima zilianza kwisha tarehe 20. Tulimlaumu binti anayetusaidia kazi, tukasema anapiga pasi ovyo. Ya pili ilikuwa sauti: hita ikiwashwa ilinguruma na kutokota kama chungu cha maharage. Tuliizoea. Ya tatu, valvu ndogo iliyo chini ya hita ilidondosha maji mchana kutwa. Tulitega ndoo, tukayafulia. Kisha tukamwita kijana mmoja aliyejiita fundi, naye akaiziba kabisa. Tulimlipa, tukafurahi kuona sakafu imekauka.

Dalili ya nne aliileta yule binti. "Mama, bomba la bafuni linaniuma mkono." Tulicheka. Tulimwambia hajazoea vitu vya mjini, avae kandambili. Akavaa. Alirudia tena, na mara ya tatu tulimjibu kwa ukali, akanyamaza.

Jumamosi moja ya Julai, jioni, tulikuwa tukiandaa nguo za ibada ya kesho. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 4, aliingia bafuni peku, sakafu ikiwa imelowa, akashika bomba. Tulisikia yowe moja, kisha kimya. Tulikimbia na mikono yenye maji, tayari kumnyakua. Binti alitupigia kelele, "Mama, usimguse!" Akakimbilia mein swichi, akazima umeme wa nyumba nzima. Ndipo kile kiganja kilipoachia bomba. Laiti tungemshika, tungekuwa wawili pale sakafuni.

Mtoto alikuwa anapumua. Alilazwa usiku mmoja ili mapigo ya moyo wake yaangaliwe, akarudi na kidonda kidogo kiganjani. Katika kazi yetu tumewaona wasiorudi.

Fundi umeme mwenye cheti alipoifungua ile hita, alituonyesha mambo matatu. Elementi, yaani koili inayochemsha maji, ilikuwa imevikwa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, tena imepasuka, ikivujisha umeme kwenye maji. Huo ukoko ndio uliokuwa ukinguruma. Pili, waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuunganishwa popote. Tatu, valvu iliyozibwa. Maji yakipata moto hutanuka. Katika hita ya lita 50 ongezeko linakaribia lita 1. Valvu ile ndiyo mlango wa kupunguza mgandamizo ukizidi. Ukiuziba, na kifaa cha kupima joto kikiharibika, tangi laweza kupasuka kwa kishindo cha kubomoa ukuta.

Basi, mama mwenzetu, tunakuomba uikague hita yako. Valvu kudondosha kidogo wakati maji yanapata moto si ajabu. Kudondosha kutwa kucha ni dalili, na dawa yake ni kuibadilisha, kamwe si kuiziba. Maji ya moto yakitoka na rangi ya kutu ilhali ya baridi ni safi, huenda tangi linaliwa kwa ndani. Maji yakitoka na mvuke na kurukaruka, kifaa cha kupima joto hakizimi tena. Swichi ikiwa ya moto au ikinuka plastiki iliyoungua, zima. Na bomba au shawa ikikutekenya hata kidogo, zima mein swichi siku hiyo hiyo, asioge mtu mpaka fundi afike. Kandambili haziponyi ugonjwa huo, zinauficha tu. Mwambie fundi apime ethi, na ukiweza akufungie kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampia 30. Fyuzi ya kawaida haifanyi kazi hiyo.

Hata hita nzima inaunguza. Maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Katika beseni tangulia maji ya baridi, kisha ongeza ya moto, na pima kwa kiwiko kabla ya kumweka mtoto. Akiungua, mvue nguo isipokuwa zilizogandia ngozi, mmwagilie maji ya bomba yaliyo baridi kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai. Wodini tunalazimika kuviosha vitu hivyo mtoto akilia.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tulikuwa tumeifundisha sura hiyo kwa akina mama kanisani. Hatukufikiri kwamba ukingo wa nyumba yetu ulikuwa waya mmoja wa ethi, wala kwamba aliyeliona pengo lake alikuwa yule tuliyemwona mshamba.

Tulimwita, tukamwomba msamaha mbele ya watoto. Alitazama chini akasema, "Yamekwisha, Mama." Kwetu hayajakwisha. Siku hizi akisema kitu nyumbani humu, tunaacha tulichoshika, tunakwenda naye kukitazama. Nawe leo jioni, kabla ya sala, muulize anayefua na kuosha vyombo nyumbani kwako kama kuna kitu kinachomsumbua. Kisha nyamaza, umsikilize.